Mkiambiwa "ni uzee tu", ulizeni tokea lini

Wenzangu mnaoanza kazi ya elimu ya jamii katika shehia, yaani mitaa na vijiji vya hapa Zanzibar, maneno mtakayoyasikia kuliko yote kuhusu wazee ni haya: "Ah, huyo ni uzee tu." Atayasema mtoto wa mzee, atayasema jirani, na mara nyingi mzee mwenyewe atayatanguliza kabla hujakaa kitako. Nimefanya kazi hii Pemba kwa miaka, na kama ningeruhusiwa kukuachieni jambo moja basi ni hili: msiyapokee maneno hayo hivi hivi. Ulizeni, tokea lini?

Uzee huja taratibu. Mvi hazioti usiku mmoja. Kwa hivyo mkiambiwa kwamba bibi aliyekuwa akijihudumia mwenyewe tokea juzi hajui alipo, anawaita watu kwa majina ya marehemu, mchana anasinzia na usiku anahangaika, hapo pana maradhi. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo au ya kifua, na kwa mtu wa umri mkubwa homa inaweza isipande kabisa, kuchanganyikiwa kukawa ndiyo dalili ya kwanza. Huenda ni upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au dawa mpya aliyoanzishwa. Mtu huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wengi wakiwahiwa akili zao hurudi. Familia ikitaka kisomo cha Qur'ani kwanza, msigombane nayo. Asomewe huku gari inatafutwa. Lakini gari itafutwe.

Kusahau kunakokuja polepole ni jambo jengine, na hapa watu hujipa moyo kwa kipimo kisicho sahihi. Watakwambieni: "Huyu ana akili kuliko sisi, Mapinduzi ya 1964 anakuhadithia kama ya jana." Hadithi hiyo isikilizeni kwa heshima zote, ila haipimi kitu. Maradhi ya kusahau huanza na mambo ya karibuni. Ya zamani hubaki kwa muda mrefu. Muulizeni kama dawa za asubuhi keshakunywa, na nani alikuja kumtazama jana. Kusahau jina la mtu kisha likamjia baadaye ni kawaida ya umri. Kupotea njia ya msikiti anaokwenda kila siku si kawaida, na familia inahitaji kuambiwa hivyo kwa upole, ili iache kumkaripia mzee kwa jambo asiloliweza.

Kuhusu maji, msianze na "kunywa maji mengi". Kiu yenyewe hupungua kadiri umri unavyosonga, hilo ni kweli, lakini wazee wengi hujinyima maji kwa makusudi ili wasiamke usiku kwenda choo cha uani. Basi ulizeni choo kiko wapi, njia yake ina taa au hapana, sakafu inateleza au hapana, kuna pa kujishikia. Mkipatengeneza hapo mmeshughulikia maji na maanguko kwa pamoja.

Masikio nayo husingiziwa tabia. Mzee akiacha kwenda barazani, watu husema kawa mkali, kajitenga. Mara nyingi kachoka kuitikia asichokisikia. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea mwanzo, kwa hivyo kumpigia kelele hakusaidii. Kaeni mbele yake, uso wenu uwe kwenye mwanga, redio izimwe, sauti iwe nzito na ya pole.

Msimu wa karafuu tembeleeni nyumba jioni, wakati wa kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo, vijiti vyake. Kaeni mkekani nanyi mchambue. Shada likiwa mkononi hakuna anayekuoneni wageni, na mtaona mengi kuliko kwa kuuliza maswali ya fomu. Nyumba moja ya upande wa Wete niliona fungu la bibi limechanganyika karafuu na makonyo, naye anapapasa kila shada kwa vidole kabla ya kulivunja. Wajukuu walikuwa wakichambua upya nyuma yake, kimya kimya, asijue. Mama mwenye nyumba aliniambia wamepanga kumpumzisha. Nikauliza tokea lini yuko hivyo, nikaelezwa kwamba macho yamekuwa yakiingia ukungu kidogo kidogo. Ulikuwa mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo. Bibi yule alihitaji daktari wa macho, na kazi yake abaki nayo.

Hili naomba mlishike sana, kwa sababu kwetu heshima ndiyo inayompokonya mzee shughuli. "Kaa bibi, pumzika," na ndoo keshanyang'anywa, na ufagio, na ukili aliokuwa akisuka. Msuli usiotumika hunyauka haraka, na mtu asiyehitajiwa na yeyote huingia huzuni ambayo nayo itaitwa uzee. Mzee asiyekula, asiyelala, asiyetaka tena hata kuzungumza na wajukuu, huenda ana sonona, yaani maradhi ya huzuni, nayo inatibika.

Pensheni Jamii pia izungumzeni. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikaipandisha, na ni haki ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, hata mkulima au mvuvi ambaye hajawahi kuajiriwa. Ulizeni kwa adabu nani anayeamua matumizi yake. Suali hilo huulizwa mzee akiwa peke yake.

Mkiingia nyumba yoyote, baada ya hodi na shikamoo, suali la mwanzo mwelekezeeni mzee. Mtoto wake atajibu kwa niaba yake, tena kwa nia njema. Mshukuruni, kisha mgeukieni tena mzee na mumpe muda. Mtu wa miaka 80 hujibu kwa utaratibu wake. Akijibu, andikeni maneno yake kama alivyoyasema, "kifua kinanibana nikipanda kilima", na msiyageuze jina la maradhi. Hiyo ni kazi ya daktari, naye atahitaji maneno hayo hayo.