Laptopu ya gemu inchi 17 au ndogo ya kubeba? Nimeishi na zote mbili, soma hapa kabla hujalipa

Mkuu swali lako nililisoma jana usiku nikaona siwezi kulijibu kwa mistari miwili, kwa hiyo leo nimekaa nakuandikia kwa kirefu maana hela ya mzee si ya kujaribia. Kwa wanaoingia sasa hivi, mwenzetu anaanza mwaka wa kwanza usanifu majengo Dodoma mwezi wa kumi, katengewa milioni nne, na ana mashine mbili kichwani: dude la inchi 17.3 lenye kadi ya picha ya RTX 4070 lililotumika mwaka mmoja, au kamoja ka inchi 14, kembamba, kapya, kenye RTX 4060. Anataka kuchora kwenye Revit, programu ya kuchora majengo, kurenda kwenye Lumion, yaani kugeuza mchoro uwe picha inayoonekana kama halisi, na usiku acheze gemu zake. Anauliza aende na nguvu au aende na wepesi.

Mimi naediti video za harusi na kicheni pati hapa Dar tangu 2017, na gemu nacheza karibu kila siku nikimaliza kazi. Nimekaa na inchi 17 miaka miwili, nikahamia inchi 14 mwaka na kidogo, sasa hivi niko kwenye ya tatu. Kwa hiyo ninayokwambia yamenipata mwenyewe.

Anza na soketi kabla ya kilo. Nguvu ya laptopu ya gemu inatoka ukutani, hili watu wengi wanaligundua wakiwa wameshanunua. Angalia betri za hizi mashine kubwa, utakuta zinaishia Wh (wati-saa) 99 au 99.9, hawavuki hapo kwa sababu kwenye ndege betri ikizidi Wh 100 unahitaji kibali cha shirika, kwa hiyo hata dude liwe na ukubwa gani tanki lake la mafuta ni lile lile. Sasa chukua kadi ya picha inayokula wati 140, weka prosesa wati 50, weka skrini na feni, hiyo betri kwa mwendo huo nusu saa haifiki. Ndiyo maana ukichomoa chaja mashine yenyewe inajishusha, fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, zinaporomoka, gemu iliyokuwa inateleza inaanza kukwama, na wewe unafikiri imeharibika kumbe inajilinda.

Nilijifunzia Bagamoyo hilo. Harusi ya jioni, bwana harusi anataka muhtasari wa dakika tano uonyeshwe kwenye skrini ya ukumbi usiku ule ule kabla ya keki. Nimekaa nyuma ya pazia na dude langu, betri asilimia themanini na kitu, natembea kifua mbele. Umeme ukakatika, jenereta ya ukumbi ikawashwa lakini ilikuwa inabeba muziki na taa za mbele tu, soketi ya kwangu imekufa. Renda, yaani ile kazi ya mashine kutoa video iliyokamilika, ambayo ikiwa kwenye umeme inaniandikia dakika 11 ikaanza kuniandikia dakika 48, halafu 52, na betri naiona inashuka kwa macho. Nikabeba laptopu ikiwa wazi hivyo hivyo, chaja naiburuza, nikapita katikati ya meza za wageni hadi kwa DJ nikamuomba tundu moja kwenye ekstensheni yake, nikapiga magoti pale chini ya spika mpaka ikamaliza. Keki ilichelewa kwa sababu yangu na mama wa bibi harusi alinitazama jicho ambalo silisahau. Tangu siku ile nikitaka kushauri mtu laptopu namuuliza kwanza, kazi nzito utaifanyia wapi, na pale pana soketi yako mwenyewe?

Haya, tuje kwenye uzito. Inchi 17 yangu niliinunua 2021, RTX 3060, na wiki ya kwanza niliipima kwa mangi kwenye mizani ya sukari: laptopu kilo tatu kasoro kidogo, chaja peke yake karibu gramu 900. Ongeza mausi, diski ya kuhifadhia video, chupa ya maji, unatembea na kilo nne na ushee. Wakati huo nilikuwa naishi Kimara na ofisi tulipanga Posta, nimepanda mwendokasi na mzigo ule kila asubuhi. Kwenye msongamano begi huwezi kuliacha mgongoni, unalivaa kifuani na kulikumbatia kwa mikono yote miwili, sasa bomba utashika na nini, gari likifunga breki pale Manzese unaenda na watu. Mwezi wa tatu nyuzi za mkanda wa begi ziliachia, bahati nzuri lilikuwa liko mapajani. Na kitu kinachoumiza siyo laptopu maana ile imelala bapa mgongoni, ni lile tofali la chaja linazama chini ya begi linakugonga kiuno kila hatua.

Dawa niliyoipata ni kununua chaja ya pili, moja ikae nyumbani na moja ofisini. Ilinitoka laki mbili na nusu, iliniuma, lakini mzigo ulikuwa umepungua karibu robo na maisha yakabadilika. Angalizo tu, nunua ya kampuni iliyotengeneza laptopu. Kabla ya hapo nilichukua moja ya bei rahisi imeandikwa wati 230, ilikuwa inachemka huwezi kuishika, na mashine ikawa inaniletea ujumbe kwamba chaja haitoshi, inacheza nusu nguvu.

2023 nikachoka, nikauza, nikachukua inchi 14. Kilo moja na nusu na kidogo. Mwezi wa kwanza nilikuwa na furaha sijui nikwambieje, naiingiza kwenye begi la kawaida la mgongoni nasahau kama ipo. Na ina jambo moja ambalo ile kubwa haikuwa nalo: inakubali chaji ya USB-C ya wati 100, kwa hiyo pawabenki nzuri inaisukuma. Tulikuwa tunaenda kupiga harusi Iringa kwa gari, Noah, ile kubwa niliwahi kuichomeka kwenye inveta ya gari ya wati 150, inveta ikalia pii ikajizima, kila nikijaribu inajizima, lazima ilie kwa sababu chaja ya wati 230 inaomba zaidi ya inachoweza kutoa. Hii ndogo nilikata nayo klipu zote njiani, tunafika Iringa kazi ya kuchambua imekwisha.

Lakini ukiibana ndio unajua. Joto halina pa kwenda. Mashine nene ina mabomba mengi ya shaba na feni kubwa, nyembamba ina nafasi ya kiganja tu, kwa hiyo prosesa inagusa nyuzi 95 inaanza kupunguza mwendo yenyewe. Renda ya dakika 11 ikawa 17, 19 mchana wa joto la Dar bila AC. Kibodi upande wa juu, pale kwenye namba, vidole vinaungua kabisa, na feni inapiga kelele mke wangu anauliza kutoka chumbani kama nimewasha blenda. Skrini ya inchi 14 nayo kwenye Premiere, programu ninayoeditia, mistari ya video inabanana unainama, shingo ikaanza kuniuma, nikanunua monita ya inchi 24, halafu stendi, halafu kibodi ya nje. Mwisho wa siku kazi kubwa zote nazifanyia kwenye meza moja, chumba kimoja, soketi ile ile.

Sasa nije kwenye kitu ambacho wauzaji hawakwambii na ndicho kitakachokuokoa. Jina la kadi ya picha peke yake halitoshi. RTX 4060 ya laptopu NVIDIA wenyewe, wenye hizi kadi, wanaiandika kuanzia wati 35 hadi 115, mtengenezaji ndiye anaamua aipe ngapi, na 4070 ya laptopu ni hivyo hivyo, tena zote mbili zina kumbukumbu ya GB 8. Kwa hiyo 4070 iliyobanwa kwenye laptopu nyembamba inaweza kulingana na 4060 iliyoachiwa ipumue. Niliona kwa macho, rafiki yangu alikuwa na 3070 kwenye laptopu nyembamba ya kupendeza, mimi na 3060 kwenye lile dude langu la wati 130, tukaweka gemu moja setingi moja. Dakika za mwanzo tuko sawasawa, baada ya nusu saa yake imechemka yangu ikawa mbele, na alikuwa amelipa laki nane zaidi. Pia usidanganyike na namba ukalinganisha na za kompyuta za mezani. RTX 4090 ya laptopu ina GB 16, ya mezani ina GB 24, na hata chipu yenyewe siyo moja.

Ukiwa dukani geuza chaja usome lebo. Chaja ya wati 230 kwenda juu inakwambia mashine imepewa chakula, chaja ya wati 120 au 150 na kadi kubwa juu yake hapo kuna mahali pamebanwa. Halafu waambie wafungue paneli ya NVIDIA kwenye taarifa za mfumo, wati za juu zimeandikwa mle. Uliza pia kama ina swichi ya MUX, hiyo inaruhusu picha itoke kwenye kadi moja kwa moja hadi kwenye skrini bila kupitia prosesa, bila hiyo unapoteza fremu bure. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, angalia kama ina sloti mbili, nyembamba nyingi wameichomelea kwenye bodi, GB 16 uliyonunua ndiyo utazeeka nayo, na Lumion mwaka wa tatu utaitaka 32.

Kwa upande wako wewe. Usanifu siyo sawa na mtu wa IT anayeacha mashine hostel. Mtakuwa na studio, mhadhiri anataka aone modeli anaizungusha mbele yake, utabeba siku tatu nne kwa wiki. Habari njema ni kwamba ile ya kuzungusha Revit darasani haitaki nguvu nyingi, Revit muda mwingi inategemea kasi ya prosesa, kadi inaanza kutoa jasho ukiingia Lumion, na hiyo utaifanya usiku chumbani. Kwa hiyo darasani unahitaji betri na begi jepesi, chumbani unahitaji wati. Dude la inchi 17 litakupa la pili tu. Inchi 14 itakupa la kwanza, na la pili itakupa huku inalia.

Mimi hapo nisingechukua hata moja kati ya hizo mbili. Tafuta inchi 16 ya kilo mbili na nusu au chini kidogo, 4060 yenye wati zaidi ya 100, inayokubali USB-C. Ndiyo niliyonayo sasa. Darasani unatembea na kichaja kidogo cha USB-C cha wati 100 ambacho kinaingia mfukoni, tofali kubwa linabaki chumbani limechomekwa halitoki, na kwenye treni ya SGR unapanda navyo vyote mara chache kwa mwaka, hilo linavumilika. Kwa milioni nne unapata iliyotumika lakini imetunzwa vizuri. Ungeniambia chumba ni chako mwenyewe, huhami, na darasani unaenda na daftari, ningekwambia chukua 17 bila kufikiria, maana ile skrini na ule upoaji ni raha ambayo sijaipata tena. Na kwa wanaotaka kubwa zaidi zimewahi kuwepo, Acer walitoa Predator 21 X mwaka 2017, skrini ya inchi 21 iliyopinda, karibu kilo tisa na chaja mbili, ile unaihamisha kama televisheni.

Kama utaishia kwenye lile la 17 la mkononi, lifungue kwanza. Langu baada ya mwaka mmoja na nusu nililipeleka kwa fundi Kariakoo kwa sababu lilikuwa linachemka kwenye gemu ndogo ndogo. Alipotoa mfuniko wa chini na feni, kati ya feni na yale mapezi ya shaba kulikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha sufi ya mto, alilibandua lote kwa koleo likatoka zima. Akafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka, akaweka mpya, joto likashuka nyuzi 14. Dodoma na vumbi lile kila miezi sita ungelifanya hivyo. Na betri, kama lilikuwa linakaa kwenye chaja masaa yote bila kuwekewa kikomo cha asilimia 80 angalia kama pedi ya mausi imeinuka kidogo, pitisha kidole ukingoni. Yangu iliinuka nikadhani ni skrubu imelegea, kumbe betri ilikuwa imevimba chini yake. Ukikuta hivyo muachie mwenye nayo.

Kesho ukienda dukani piga picha lebo ya chaja za zote mbili, na ile paneli ya NVIDIA, uziweke hapa. Nipo mpaka saa nne usiku, tutazisoma pamoja kabla hujatoa hela.