Nyie mnaobadilisha ruti katikati ya njia, hebu kaeni tuongee

Nimesoma meseji za juzi za gurupu letu la matembezi mpaka nikaiweka simu chini. Watu wako njiani kwa mguu, Uroa huku mashariki ya Unguja washaipita, jua limeshakuwa kali, halafu mtu anarusha kura WhatsApp: "Tupande boti Chwaka tuvuke ghuba au tuzunguke kwa barabara?" Kura jamani! Nusu ya wanaotembea hawana bando, wengine simu zishazima, na waliopiga kura kwa wingi ni wale waliobaki mjini wamekaa zao Forodhani na juisi ya miwa. Boti ikashinda. Mkafika Chwaka maji yamekupwa, boti zimelala ubavu mchangani, mkakaa juani mnalaumiana. Mie sikucheka. Haya, nilicheka kidogo.

Kwa hiyo naandika haya kwa nyie wageni mliojiunga na kikundi tangu bonanza la Januari mosi na sasa mnataka kuitembea Unguja yote kwa mguu, Nungwi mpaka Makunduchi. Habari za malengelenge na soksi sisemi, mtafundishana wenyewe. Naongelea kubadilisha njia ukiwa ushaanza kutembea, basi. Na kubadilisha si dhambi, mie sijaona bado matembezi ya kusini yaliyofika kama yalivyochorwa kwenye karatasi. Tatizo ni mnabadilishia wapi na nani ana habari.

1. Amueni mkiwa mmekaa kijijini, mmeshiba. Ukishuka upande wa mashariki kutoka Matemwe unapita Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, Marumbi, njia yote hiyo barabara iko karibu na gari zinapita, ukikosea unapata pa kutokea. Chwaka ndio mambo yanabadilika. Mbele yako ghuba, Michamvi unaiona ng'ambo kwa macho yako, lakini kwa mguu huipati mpaka urudi ndani Jendele, ushike Cheju na Kaebona, utokee barabara ya kusini, upite Jozani, ufike Kitogani ndio ukunje kwenda Paje. Hapo siku yako nzima ishakwenda, na ukiwa masika bonde la Cheju ni mpunga na maji, sisemi zaidi. Sasa swali la boti au barabara mnaliuliza usiku mkiwa Pongwe, au mwisho kabisa Uroa mkinywa chai. Chwaka mnaingia na jibu.

2. Jueni maji. Nashangaa watoto wa visiwani mnaulizana maji yanajaa saa ngapi kama watalii. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji kwetu yanakupwa kiasi cha saa nne saa tano asubuhi na yanajaa kiasi cha saa kumi jioni, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake, asubuhi yamejaa, jioni yamekupwa na hayendi mbali. Hesabu hiyo haitaki bando. Mkipanga boti ya Chwaka saa nne asubuhi na usiku wake mwezi ulikuwa kama sinia, mmepanga kupanda boti mchangani.

3. Usibuni njia. Hapa nitakaa, maana wengi wenu hadithi hii mmeisikia nusunusu barzani na mnaichekea bila kujua kuwa aliyefanya ni mie.

Nilikuwa kiongozi, filimbi shingoni, fulana ya njano mpya. Mpango ulikuwa boti kutoka Chwaka, gari ya kusapoti ishazunguka na mabegi na chakula, inatusubiri Michamvi. Tukachelewa Uroa, mara mtu anafunga mguu, mara mtu kaona pweza wa kuchoma, tukaingia Chwaka bamvua na maji yamekwenda mbali kabisa hata hujui bahari inaanzia wapi. Nahodha, mzee wa watu, akaniambia kwa upole, kaeni kivulini mwanangu, saa nane boti itaelea yenyewe. Saa nane! Na mpishi keshanitumia meseji kuwa wali wa nazi uko tayari.

Nikatazama kule pwani nikaona watu wanatembea mbali, akina mama na watoto wanaokota chaza, wengine wanaelekea kwenye mikoko. Kijana mmoja amekaa juu ya ngarawa akasema, "Watu wanavuka mbona, wanatokea Charawe." Mie sikumuuliza watu gani, wanaanza saa ngapi, wanapita wapi. Nilisikia neno "wanavuka" tu. Nikapiga filimbi.

Na sasa sikilizeni sehemu ambayo huwa siisemi barzani. Nahodha alituona tunaondoka akaniuliza, vipi, mnakwenda wapi? Nikamwambia tunakwenda dukani kununua maji. Niliona haya. Keshaniambia nisubiri, nami nishaamua kutosubiri, basi nikaona bora nimdanganye kuliko kubishana na mzee mbele ya watu ninaowaongoza.

Mwanzo ulikuwa raha tupu, mchanga mgumu, watu wanapiga picha. Halafu mchanga ukalainika, ukawa tope, tope likafika goti, likafika paja, viatu vinanyonywa unavuta mguu unatoka mtupu. Mizizi ya mkoko nayo imejaa chaza, dada mmoja aliteleza akaushika ili asianguke, kiganja kikachanika. Na ndani mule hakuna mbele wala nyuma, ni vijito, kila kijito kina mtoto na mtoto ana mjukuu, ukikivuka kimoja unakutana na mwenzake. Tukafika mkondo wa Mapopwe. Nilisimama ukingoni nikatazama maji na nikaona majani makavu na povu vinakwenda ndani. Ndani, huko msituni, maji yangekuwa bado yanakupwa vingekuwa vinatoka kwenda baharini. Nilielewa palepale. Yule dada wa kiganja, fundi cherehani, hajawahi hata kuvua samaki mmoja, akasema, "Kaka, maji yanarudi hayo." Nikamjibu, "Bado." Nikaendelea kutembea mbele yao kwa sababu sikujua niseme nini, na kila hatua ile ilikuwa inatukatia pa kurudi.

Tulipogeuka, tulikopita kushakuwa maji. Tukapanda kwenye mizizi tukakaa, wengine wanalia, wengine wanasoma dua, simu yangu imeshaingia tope. Mmoja alikuwa na chaji lakini mtandao unakuja unapotea.

Huku nje nako nyie wenyewe fikirieni. Michamvi wanampigia nahodha, "Washapanda?" Anajibu, "Wamekwenda dukani." Saa nane, saa tisa, saa kumi. Dukani hatuko. Ikabidi sheha, kiongozi wa shehia pale Chwaka, aambiwe, wa Michamvi naye akaambiwa, na wavuvi wa pande zote mbili wakatoa boti jioni ile walipokuwa wanajitayarisha kwenda kuvua, wakatutafuta katikati ya ghuba. Walitutafuta kule kwa sababu mpango wetu ulisema tunavuka ghuba, wakadhani pengine tumepata chombo kingine kikapinduka. Wanazunguka mahali ambapo hatukuwepo kabisa, wanaita, na sisi tuko ndani ya mikoko tunasikia injini kwa mbali tunashangaa wavuvi leo mbona wengi.

Aliyetutoa ni baba mmoja mvuvi wa kaa aliyekuwa anapita na mtumbwi wake, hakuwa anatutafuta wala habari zetu alikuwa hana. Alitutoa wachache wachache mpaka Maghrib ikaingia, kila akirudi anauliza, "Wamebaki?" Alhamdulillah wote tulitoka. Chwaka tulipofika nahodha hakunifokea, aliniangalia tu akasema, "Ungeniambia unakokwenda, hata kama ungenigombeza." Nikataka kulipa petroli za zile boti, wavuvi wakakataa, na usiku ule hawakuvua. Mpaka leo nikinunua samaki Chwaka sipatani bei, naambiwa naibiwa, nalipa.

Basi mtu akiniambia "kiongozi, kuna kinjia hapa tunakata" nanyamaza kwanza. Kinjia kinaweza kuwa kipo kweli, sikatai. Lakini mnakwenda na mtu wa pale, aliyekubali kwa mdomo wake kuwa anakupelekeni, na anayebaki nyuma anajua mmepita huko.

4. Aliye mbele apate habari kabla hujageuka. Gari, mpishi, na sheha wa shehia mnayokwenda kulala. Meseji ukishaituma hujamaliza, subiri mtu ajibu "sawa, nimeelewa, mnakuja kwa barabara". Alama mbili za bluu si jibu.

5. Masafa msimuulize bodaboda. Sina ugomvi nao, lakini kipimo chao ni injini, "hapo mbele tu dakika kumi" ya bodaboda inakula asubuhi yako nzima. Kuna siku tuliambiwa Mtende ni hapo tu, tukatembea, tukaulizia tena, ni hapo tu, tukamkuta mtoto wa skuli anarudi kwao akatuambia, "Mbali huko, mie huwa napanda gari." Muulizeni anayetembea. Na habari za maji kule Paje na Jambiani muulizeni akina mama wa mwani, wao ndio wanaoingia na kutoka na kupwa na kujaa, watakwambia mpaka dakika.

6. Kwenye mahoteli. Kiwengwa na kule Nungwi na Kendwa kuna pahala maji yakijaa yanagonga ukuta na ufukwe unakuwa hakuna. Kabla hamjaingia jueni kichochoro cha wavuvi kiko wapi cha kutokea barabarani. Askari wa hoteli msalimieni kwanza, msimtolee hoja za sheria, naye ni mtoto wa mtu yuko kazini.

7. Uwandani msiifuate simu. Hili nalisema kila mara na kila mara kuna mmoja. Upande wa mashariki ndani ni mawe ya matumbawe tupu, makali, na ile mistari mnayoiona kwenye Google Maps kati ya Nungwi na Matemwe mingine ni njia ya mkata kuni au ya ng'ombe, inakwenda vizuri kabisa halafu inaishia kwenye kichaka. Ng'ombe keshafika anakokwenda, wewe bado. Ukiona njia imeanza kuwa nyembamba na hujaona alama ya mguu wa mtu, rudini mpaka mlipoona mtu mara ya mwisho. Kaka mmoja hapa kwenye kikundi, yupo anasoma, alisema "kurudi nyuma ni mkosi", sandali zake zilikatika zote mbili akamalizia siku na champali alizoazima kwa bibi muuza mandazi, za rangi ya waridi, namba ndogo. Picha ninazo.

8. Upepo. Juni mpaka Agosti kusi linavuma, ukitembea kuelekea kusini linakupiga uso siku zote. Badilisheni ruti yote, muanzie Makunduchi mmalizie Nungwi, upepo uwe mgongoni. Hii ndio mabadiliko mazuri kuliko yote na hakuna hata mmoja anayeyataka, kila mtu anataka kuanzia kwenye mnara wa Nungwi kwa ajili ya picha. Na Julai kama sherehe ya Mwaka Kogwa imefika, pa kulala Makunduchi mtafute mapema, watu wanajaa.

9. Mnaniuliza sana, tukipanda gari kipande fulani bado tumetembea Unguja yote? Sijui nani aliwaambia kuna mashindano. Mtu anaumwa, mvua imefunga, maji yamekataa, pandeni gari mkashuke mbele mwendelee, halafu kwenye ripoti andikeni mlipanda wapi na mlishuka wapi. Ninachokataa ni kuficha. Kuna bwana mmoja alijifanya anabaki nyuma kwa sababu ya goti, akadandia daladala namba 310 pale Kitogani, akashuka karibu na Makunduchi, akajimwagia maji ya chupa usoni na kifuani ili aonekane katoka jasho, akajitokeza wa kwanza tukampigia makofi. Tulimjua jioni, wakati wa kuvua viatu. Vyetu vyote vyekundu kwa vumbi, vyake kama katoka navyo msikitini.

Majina ya wanaokwenda Jumamosi yanifikie kabla ya Ijumaa mchana. Namba ya nahodha nampa kiongozi mmoja tu, kwenye gurupu siiweki, na kura sitaki kuiona.