Jamii iliyotangazwa kutoweka: kabla ya kuifufua, uliza nani alihesabu

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote. Unaandika riwaya ambamo viumbe wa sayari nyingine waliangamizwa vitani miaka 3,000 kabla ya hadithi kuanza, galaksi nzima inajua wamekwisha, nawe unataka wajitokeze katika sura ya mwisho. Waliokusomea mswada wamekwambia haiingii akilini. Mimi nasema inaingia, tena vizuri. Hadithi za sayansi ndizo ninazoandika, na katika kikundi chetu cha waandishi miswada ya aina hii huletwa kwangu, kwa hiyo nimeiona ikifaulu na nimeiona ikianguka. Inapoanguka, kosa huwa si kwamba hao viumbe wameokoka. Kosa ni kwamba wanarudi wakiwa vilevile walivyoondoka.

Kwanza tuulize: hiyo galaksi imejuaje kwamba wamekwisha? Galaksi yetu ina upana wa takribani miaka ya nuru 100,000 na nyota zisizopungua bilioni 100. Wape washindi wako vyombo vya kasi yoyote utakayo, bado hawatapekua kila mwezi na kila pango. Sisi wenyewe tumeshindwa kwenye sayari moja. Chukua samaki aitwaye silikanti. Wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, na visukuku vyake vinakomea miaka milioni 66 hivi iliyopita, dinosaria walipotoweka. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia makumbusho madogo ya mji wa East London huko Afrika Kusini, akamkuta kwenye lundo la samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na kumbe wavuvi wa kule walikuwa wanamjua na kumwita gombessa. Hawakuwa wamelificha jambo hilo. Hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Hilo la mwisho ndilo ningekuomba ulikazie macho. Wataalamu wa visukuku wanajua tangu mwaka 1982, kwa hoja ya Signor na Lipps, kwamba kisukuku cha mwisho kupatikana si cha kiumbe wa mwisho kuishi. Kati yao panaweza kuwa na maelfu ya miaka. Ila kwenye riwaya yako tatizo si uchache wa ushahidi peke yake. Kuna mtu aliyeandika ripoti, akatia sahihi, na alikuwa na sababu zake.

Soma habari za Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia. Truganini, mwanamke mwenyeji wa huko, alipofariki mwaka 1876, ilitangazwa kwamba wenyeji asilia wa kisiwa kile wamekwisha, na kwa miongo mingi vitabu vikairudia habari hiyo. Wakati huohuo kwenye visiwa vidogo vya mlango-bahari wa Bass waliishi watoto na wajukuu wa wanawake wa Tasmania waliochukuliwa na wawindaji wa sili. Na Fanny Cochrane Smith, mama aliyezaliwa kisiwa cha Flinders, alikuwa hai kabisa. Mwaka 1899 na tena 1903 aliimba nyimbo za watu wake mbele ya mashine ya kunasa sauti, zikaandikwa kwenye silinda za nta, na baadhi ya silinda hizo zipo hadi leo. Miaka 23 baada ya watu wake kutangazwa wamekwisha, alikuwa anaimba kwa lugha yao! Wazao wa watu hao leo ni maelfu, na imewabidi wapiganie haki ya kuambiwa tu kwamba wapo. Waliotangaza walikuwa wameshaamua ni nani anayehesabika kuwa mwenyeji halisi, na mwenye damu ya mchanganyiko hakuhesabika. Tena kwao ilikuwa nafuu: asiyekuwepo hadai ardhi.

Kwa viumbe wako njia ya kuchanganya damu imefungwa. Wawili waliotokea kwenye sayari mbili tofauti hawawezi kuzaa pamoja, na ningekusihi usijaribu hata kwa mbinu za maabara. Lakini swali la nani alihesabika bado liko wazi. Dola iliyowashinda iliwatambuaje? Kama iliwatambua kwa vyombo vyao vya vita, kwa makao yao, kwa sura ya askari wao, basi kila aliyekuwa mtumwa, mtawa, mchimba madini au mkimbizi wa kizazi kilichotangulia hakuingia kwenye daftari. Hapo ndipo watu wako walipojificha, tena bila kukusudia kujificha.

Sasa hesabu, maana wengi huiruka. Wangapi wanatosha? Kwa viumbe wanaozaana kwa jinsia mbili, kundi la wazazi N hupoteza sehemu moja kati ya 2N ya tofauti za vinasaba kila kizazi. Nilipokuwa napanga hadithi yangu yenye kisa kama chako nilikaa na penseli nikachora ukoo mzima kizazi kwa kizazi, na namba zilinibadilishia hadithi. Tuseme kizazi kwao ni miaka 25. Miaka 3,000 ni vizazi 120. Ukianza na kundi la 50 na likabaki 50, mwishoni wamebakiwa na asilimia 30 tu ya tofauti walizoanza nazo. Likiwa 500, wanabaki na karibu asilimia 89. Kwa hiyo lile kundi la mashujaa kumi na wawili kwenye chombo kimoja lisahau, isipokuwa waongezeke haraka sana baada ya kutua.

Kuongezeka haraka huokoa. Mamothi, jamaa wa tembo wenye manyoya, wa kisiwa cha Wrangel, kule Aktiki, walibaki peke yao bahari ilipopanda yapata miaka 10,000 iliyopita. Uchunguzi wa vinasaba vyao unaonyesha walianza wachache mno, labda wanane wa kuzaa, kisha wakafika mia mbili hadi tatu, wakadumu miaka 6,000. Piramidi za Giza zilikuwa zimeshajengwa na wao bado wanatembea. Ila walibeba kasoro za kurithi vizazi vyote hivyo, na hiyo ndiyo gharama ambayo mwandishi lazima ailipe kwenye ukurasa: magonjwa yaleyale kila nyumba, sheria kali za nani aoe nani, mimba zinazoharibika, mtu wa nje anayepokewa kama hazina. Hakuna sehemu ya kazi hii inayonigusa kama hii. Jamii inayojua kwamba kila harusi ni suala la uhai wa wote ina simulizi nzito kuliko vita vyovyote utakavyoandika.

Ukitaka njia ya kulala, ipo, na haihitaji miujiza. Mwaka 2021 watafiti wa Urusi walieleza jinsi walivyowarudishia uhai rotifa, viumbe wadogo wa majini, waliokaa kwenye ardhi iliyoganda ya Siberia miaka 24,000 hivi. Walipoyeyushwa wakaanza kuzaliana. Mbegu ya mtende ya miaka 2,000 ilichipua Israeli mwaka 2005. Viumbe wako wanaweza kuwa na mayai au mbegu zinazostahimili. Mimi siipendi sana njia hii kwa sababu mbegu haikumbuki chochote. Atakayeamka atakuwa wa spishi ile, lakini nani atamlea?

Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni joto. Kila kinachotumia nishati hutoa joto, na joto hilo lazima litoke nje. Freeman Dyson alipendekeza mwaka 1960 kwamba tutafute ustaarabu wa mbali kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotokana na joto la kazi zao. Kwa hiyo viwanda, miji na karakana za meli haviwezi kufichwa miaka 3,000 nyuma ya sayari fulani. Anayetafuta kwa dhati ataona. Wanaoweza kujificha ni wachache wanaotumia nishati kidogo, labda ndani ya bahari iliyo chini ya barafu kama ile inayoaminika kuwepo katika Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, ambapo joto lao linamezwa na joto la asili.

Ukikubali hilo, mengine yanafuata yenyewe. Watu mia tano wenye nishati kidogo hawawezi kuendesha viwanda vya injini za kuvuka nyota. Ujuzi wa aina hiyo hukaa kwa maelfu ya mafundi, kila mmoja na kipande chake, na vizazi vichache vinatosha kuupoteza. Lugha nayo haitabaki. Miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita wazazi wa lugha za Kibantu walizungumza lugha moja au lahaja za karibu sana. Leo lugha hizo ni mamia, na Mswahili akimsikiliza Mzulu anaokota neno moja moja tu. Kwa hiyo ule mwisho niliouona kwenye rasimu yako, meli mia zinatokea gizani, bendera zilezile, amri zinatolewa kwa lugha ileile ya kwenye maandishi ya kale, huo ndio unaowafanya wasomaji wako wagome. Wanachokataa ni hizo meli.

Jambo jingine ni haki ya msomaji. Ukimfanya aomboleze jamii nzima kwa kurasa mia tatu kisha ukamwambia wapo, unakuwa umemnyang'anya kilio chake. Acha kitu kife kweli: mji wao, elimu yao, dini yao, hata jina lao. Waliobaki wawe wamebaki bila hivyo.

Na usiwalete mwishoni. Kwenye hadithi yangu nilimpa karani wa forodha daftari la shehena, tena mapema kabisa. Anaona kwamba kituo cha uchimbaji kilichofungwa zamani, kwenye mwezi usio na mtu, kinaagiza vichungi vya hewa kila mwaka, idadi ileile, na anayelipa hulipa kwa madini ghafi. Hakuna kingine. Anaweka alama pembeni na kuendelea na kazi. Msomaji makini anashtuka hapo, na kuanzia hapo kila mtu anaposema "wamekwisha" anasikia shaka. Wewe tayari unaye yule mfanyabiashara wa chumvi wa sura ya nne ambaye hana kazi kubwa. Mpe yeye. Anauza wapi chumvi yote ile, na kwa nini hajawahi kumwambia mtu? Kama wavuvi wa Komoro, anaweza kukujibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Ningewatoa hadharani kabla hujafika theluthi ya pili ya kitabu, wakiwa mia tano au mia sita, wanazungumza lugha ambayo mtaalamu wako wa maandishi ya kale haielewi, na sehemu iliyobaki ningeitumia kwa mgogoro wa kweli: dola inayokalia ardhi zao itakubali kuifuta ile ripoti, au itasema hawa si wale? Sura ya nne ukishaiandika upya iweke hapa, nitaipitia mstari kwa mstari.