Bima na usalama Barbados: anza na presha ya mama

Kaka, swali lako nililiona juzi, nikasubiri nipate nafasi ya kukujibu kwa utulivu. Umesema unakwenda Barbados mwaka mmoja kwa kibali cha Welcome Stamp, utaendelea na kazi yako ya Dar kwa njia ya mtandao, mkeo na mtoto wa miaka minne mnakwenda pamoja, na mama mwenye miaka 66 atafuata Desemba akae miezi mitatu. Unauliza ukate bima gani na kama kisiwa ni salama. Mimi niko huku mwaka wa tatu sasa, naishi upande wa magharibi. Wewe mama umemtaja mwisho. Mimi nitaanza naye.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga mwaka juzi. Bima yake ya safari nilimkatia mwenyewe usiku mmoja nikiwa nimechoka na kazi. Fomu iliuliza kama ana ugonjwa wa kudumu au dawa anazotumia. Nikampigia, "Mama, unaumwa chochote?" Akasema, "Mimi mzima, mwanangu." Nikajaza hapana. Wiki ya pili tangu afike, tunatoka sokoni Speightstown jua la saa saba, akasimama ghafla akashika ukuta. Kichwa kinagonga, macho yana ukungu. Nikamkimbiza kwenye zahanati ya binafsi. Nesi alipompima presha akakuta 210 kwa 118, akaniuliza anatumia dawa gani. Nikajibu hatumii yoyote. Mama akanitazama, kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, taratibu, akatoa vidonge saba vya amlodipine, dawa ya presha, vilivyokatwa kwa mkasi kimoja kimoja. Alikuwa kwenye dawa mwaka wa sita. Hakuniambia kwa sababu niko ugenini, asinitie wasiwasi. Na kwa kuwa aliona vinakaribia kuisha, alikuwa anaruka siku moja moja ili vimfikishe nyumbani.

Nilipoipigia kampuni ya bima, swali la kwanza lilikuwa lile lile la kwenye fomu. Hawakulipa. Usiku mmoja wa kulazwa na picha ya kichwa vilikuja dola 3,400. Hapa angalia: ni za Barbados, yaani 1,700 za Marekani, maana dola mbili za huku ni moja ya Marekani tangu 1975. Bei nyingi hutajwa "dola" tu, kwa hiyo uliza kila mara ni dola ipi. Nililipa kwa kadi, mama akapona, tukashukuru Mungu.

Kosa lilikuwa kwenye namna nilivyouliza. Mzee wetu ukimwuliza "unaumwa?" anakujibu habari ya leo, na leo hana maumivu. Alipokuja mara ya pili nilimwuliza hivi: Asubuhi unameza kidonge gani? Kliniki unakwenda lini? Umewahi kupasuliwa? Umewahi kupimwa sukari, wakakwambia nini? Hapo yakatoka yote. Nikayajaza, bima ikapanda bei, na presha ikaandikwa kwenye mkataba kuwa inalipiwa. Mwulize mama hivyo hivyo, na aje na dawa za muda wote wa safari pamoja na wiki mbili za ziada, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara. Na umwambie kuhusu chumvi. Samaki wa chumvi ni chakula cha kawaida huku, na majirani ni wakarimu sana. (Cou-cou yao ni ugali kabisa, wameutia bamia. Mama aliupenda siku ya kwanza.)

Sasa bima yenu nyinyi. Kibali chako kinadai uwe na bima ya afya, lakini usichukue ya bei ndogo ili tu ofisa aone karatasi. Hospitali kubwa ya serikali ni Queen Elizabeth, iko Bridgetown tangu 1964. Raia na wakazi wa kudumu hutibiwa bure, mgeni hulipa. Zahanati za binafsi ni nzuri kwa mambo ya kawaida, ila nyingi zitataka kadi au malipo ya awali kabla ya kukulaza, halafu wewe ndiye utakayedai kwa kampuni yako. Kwa hiyo uwe na kadi yenye nafasi ya kutosha, na namba ya dharura ya bima iandike kwenye karatasi, iwe kwenye pochi yako na ya mkeo. Mpigieni bima kabla ya kulazwa, si baada, kisha mchukue namba ya kesi. Kampuni nyingi hukataa au hupunguza malipo usipowaarifu mapema.

Kitu kinachotofautisha bima nzuri na mbaya kwenye visiwa hivi ni usafiri wa mgonjwa kwa ndege. Kisiwa kina urefu wa kilomita 34 tu, hakiwezi kuwa na kila mtaalamu. Jambo likiwa zito sana, mtu hupelekwa Trinidad, Martinique au Miami, na ndege ya wagonjwa ni makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Soma mstari huo peke yake: kiwango cha juu ni kiasi gani, nani anaamua mgonjwa aondoke, na anapelekwa hospitali ya karibu inayofaa au popote unapotaka. Mstari wa pili ni kusafirisha maiti. Najua hatupendi kuutaja, lakini ni mara ngapi tumechangishana kwenye makundi ya WhatsApp kumrudisha ndugu yetu nyumbani? Hakikisha umo, na uusome na mkeo.

Halafu kimbunga. Msimu ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Mama akija Desemba yuko nje ya msimu, nyinyi mtaupitia wote. Mwaka 2024 fainali ya kriketi ya Kombe la Dunia ilichezwa Bridgetown tarehe 29 Juni, kisiwa kimejaa wageni, na kimbunga Beryl kikapita kusini yetu alfajiri ya 1 Julai. Uwanja wa ndege ulifungwa, hata timu ya India iliyotwaa kombe ikakwama hapa siku kadhaa. Sisi tulipona kwa kuwa kitovu kilikwenda Carriacou, kisiwa cha Grenada, ambako nyumba karibu zote ziliharibiwa. Lakini asubuhi ile nilikwenda bandari ya wavuvi Bridgetown, nikakuta mashua zimepandana, nyingine zimepasuka ubavu, na wenye mashua wamesimama kimya wanatazama. Bima ya safari ikatwe mapema: kimbunga kikishapewa jina, ukinunua siku hiyo hakitalipiwa.

Kuhusu homa. Barbados haina malaria, na hilo lina upande wa hatari kwetu. Daktari wa huku malaria haimjii kichwani haraka. Yeyote kwenu akipata homa ndani ya miezi michache tangu atoke nyumbani, mwambie daktari wewe mwenyewe, mapema: "Tumetoka nchi yenye malaria, tupimeni." Kinachosumbua huku ni dengue, kidingapopo yetu, na mbu wake huuma mchana. Chikungunya, homa nyingine ya mbu, nayo imewahi kupita. Jina lake ni la Kimakonde, lilitoka kwenye mlipuko wa Newala mwaka 1952, likafika visiwa hivi mwishoni mwa 2013. Ukiwa na homa na viungo vinauma, meza paracetamol na unywe maji. Usiguse aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki hadi kipimo kionyeshe si dengue, kwa sababu zinaweza kuongeza kutokwa na damu. Tumbo likiuma sana, kutapika kusikokoma au fizi kutokwa na damu, hasa homa inaposhuka, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kadi ya njano ya homa ya manjano njoo nayo, hasa kama mnapitia Nairobi au Entebbe. Tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, usikubali kuuziwa nyingine.

Usalama wa mtaani ni wa kawaida: usitembee ufukweni usiku pasipo na watu, usiache simu juu ya taulo. Mimi nahofia zaidi bahari. Upande wa magharibi maji yametulia, mtoto ataogelea. Upande wa mashariki, Bathsheba, ni Atlantiki yenyewe, mkondo unavuta hata mtu mzima anayejua kuogelea. Pale tunakwenda kutazama tu. Pia mfundishe mtoto mti uitwao manchineel, uko pembeni mwa fukwe, una matunda ya kijani kama epo dogo. Mingi imepakwa alama nyekundu, si yote. Tunda ni sumu, utomvu unababua ngozi, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake. Matone yake tu yanatoa malengelenge. Na nguo za mabaka ya kijeshi acheni nyumbani, hata ya mtoto. Sheria inazikataza kwa raia.

Namba: polisi 211, zimamoto 311, ambulansi 511.

Ukishapata mkataba wa bima, kabla hujalipa, nitumie kwenye ujumbe wa faragha picha za kurasa zenye yasiyolipiwa. Nitazisoma zote. Na leo jioni mpigie mama, umwulize kidonge anachomeza asubuhi.