Ndege kutua ikiwa imekaa upande

Dada wa Moshi, umeuliza kwa nini ndege kubwa uliyopanda ilikuja uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) imekaa upande, kisha ikapaa tena ilipokaribia kugusa ardhi. Pole kwa hofu, ila rubani hakukosea. Njia ya kurukia pale imelala mashariki-magharibi. Upepo wa kusini huipiga ndege ubavuni. Kwa hiyo pua huelekezwa upepo unakotoka, na karibu na kugusa chini rubani hukanyaga pedali za usukani wa mkia kuinyoosha. Bawa la upande wa upepo hulazwa kidogo tu, maana likizidi, injini inayoning'inia chini yake itakwaruza lami. Upepo ukibadilika ghafla hapo, kupaa upya ndiyo busara. Safari ijayo omba kiti karibu na mabawa, mtikisiko hupungua. Na mkanda usifungue mapema, hata kama wenzio washaanza kushusha mabegi.