Re: IELTS ya kuongea, nikiulizwa kuhusu habari nijibu nini?

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye mtihani wa kuongea wa IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza) unaogopa swali la "unapata habari wapi" kwa sababu gazeti hununui na taarifa ya saa mbili usiku huangalii.

Kwanza soma vigezo vya alama. Viko vinne: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi. Ujuzi wa siasa haumo. Kusema hufuatilii habari ni jibu halali, ila usiishie hapo.

Ninaofanya nao mazoezi wengi hudai wanasoma magazeti kila siku. Ukiwauliza ukurasa gani, kimya. Bora useme ukweli: kituoni unasimama kwenye meza ya muuza magazeti, unasoma vichwa vya habari bila kununua (nani hajafanya hivyo?), mengine unayakuta kwenye stetasi za WhatsApp. Hapo una sababu ya kueleza, una hata mzee wako na redio yake wa kujilinganisha naye.

Sehemu ya pili ya mtihani wa kuongea unapewa dakika 1 ya kujiandaa, kisha unaongea dakika 1 hadi 2. Chukua habari ndogo unayoikumbuka vizuri, hata ya usajili wa mchezaji: uliisikia kwa nani, ulihisi nini.

Kazi iko sehemu ya tatu. Ukiulizwa kama vyombo vya habari vinaaminika, chagua upande na utoe mfano. Majibu ya kukariri achana nayo, mtahini huyanusa mapema.