Kambale Ameingiaje Kwenye Zana?

SWALI: Mimi ni mtunza hesabu wa kikundi cha wafanyabiashara wa samaki katika mwalo wa Kirumba. Manunuzi na matumizi yetu huandikwa kwenye Excel, na kwa kuwa waandikaji ni watatu, safu ya maelezo ina maandishi ya kila namna: “Dagaa gunia 6”, “gunia 4 dagaa wa Ukara”, “mafuta injini”, “kamba ya nanga”, “Kambale mkavu kilo 12”. Nataka kila mstari upewe kundi lake (Samaki, Zana, Mafuta au Usafiri) ili mwisho wa mwezi nijue kila kundi limekula kiasi gani. Nilipanga kwa alfabeti, dagaa wakatawanyika; nikajaribu fomula ya IF, ikatambua mistari michache tu. Nifanyeje? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, alfabeti huanza na herufi ya kwanza, kwa hiyo dagaa wako wa Ukara wamekwenda kukaa kwenye G pamoja na kila kitu kilichoandikwa “gunia”. Nayo IF yenye alama ya usawa hukubali pale tu maandishi yote ya kisanduku yanapolingana na neno ulilolitaja, ndiyo maana “Dagaa gunia 6” si “dagaa” machoni pake.

Unachohitaji ni orodha ya maneno. Andika katika safu ya D, kuanzia D2, maneno yanayotambulisha matumizi yenu, na katika safu ya E, mkabala na kila neno, kundi lake. Ikiwa maelezo yenu yapo kwenye safu ya B na orodha inaishia mstari wa 20, andika katika C2 fomula hii, kisha uiburute hadi chini:

=IFERROR(LOOKUP(2^15,SEARCH(D$2:D$20,B2),E$2:E$20),"Haijapangwa")

SEARCH hulitafuta kila neno la orodha ndani ya maelezo bila kujali herufi kubwa wala ndogo. Likipatikana hutoa namba ya mahali lilipoanzia, lisipopatikana hutoa kosa. LOOKUP inaambiwa itafute 32,768, namba ambayo haiwezi kuipata kwa sababu kisanduku kimoja hakibebi zaidi ya herufi 32,767, hivyo huyaruka makosa yote, huishia kwenye namba ya mwisho iliyopo na kukuletea kundi lililo mkabala nayo. Pasipopatikana neno lolote, IFERROR huandika “Haijapangwa”.

Neno hilo “ya mwisho” ndilo litakalokusumbua. Ukiweka “kambale” juu na “kamba” chini yake, kambale mkavu wa kilo 12 ataingia kwenye Zana, kwa kuwa ndani ya jina lake mna “kamba” na neno la chini ndilo linaloshinda. Geuza mpangilio: “kamba” litangulie, “kambale” lifuate. Vivyo hivyo “mafuta” likae juu ya “mafuta ya kula”, la sivyo chakula cha wavuvi kitahesabiwa kuwa cha injini. Usiache kisanduku kitupu katikati ya orodha wala mwishoni mwake, kwani SEARCH hukiona kitupu kama kitu kinachopatikana popote, nawe utaona sifuri mahali pa majina ya makundi.

Neno fupi kama “taa”, ambalo bila shaka mnalo kwa sababu ya karabai za dagaa, litajitokeza pia ndani ya “mtaa”. Kwa maneno ya aina hiyo ni salama zaidi kuandika “taa za” au “taa ya” kuliko neno peke yake.

Wapo watakaokushauri uwawekee waandikaji menyu ya kuchagua kundi. Mimi nasita: mtu anayepokea mzigo alfajiri, mikono imelowa maji ya samaki, atabonyeza chaguo la kwanza na kuendelea na kazi. Waache waandike walivyozoea, halafu wewe kila Jumamosi chuja mistari ya “Haijapangwa”, ongeza maneno yaliyokosekana, hata yale yaliyokosewa kama “sengara” badala ya “sangara”, ukikumbuka kurefusha mipaka ya D$20 na E$20. Jumla za mwisho wa mwezi utazipata kwa SUMIF, fomula inayojumlisha kiasi cha mistari ya kundi moja, ukiielekeza kwenye safu ya C.